Mpishi wa Padri Arnd

Alheit Tiemann alikuwa na mikono yote miwili ndani ya unga alipoambiwa kwamba amani imefika Lohbeke, na kwamba inataka kujua yeye alikuwa nani mwaka wa elfu moja mia sita ishirini na nne. Aliyeleta habari ni Cordt, mkuu wa kijiji, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa kila kitu kingine. Alheit hakugeuka. Alimwambia amani imechelewa miaka thelathini, basi na ingoje mkate uumuke.

Cordt alijikalisha bila kukaribishwa, akaeleza. Wakubwa waliokuwa wakizungumza miaka yote ile huko Osnabrück na Münster walikuwa wamekata shauri kwamba kila kanisa lirudi kwa dhehebu lililokuwa nalo siku ya kwanza ya Januari ya mwaka huo. Hakuna tena mtawala kuamka asubuhi na kuwaamuru watu wake wasali hivi au vile. Askofu awe yeyote yule, mizani ni siku ile moja. Vijiji vingi vilijijua, vikamaliza. Lohbeke haikujijua, kwa kuwa padri wake wa wakati ule alikuwa Arnd Holtkamp, na Arnd, Mungu amrehemu, hakuna aliyewahi kuthubutu kusema alikuwa kitu gani hasa. Wazee waliobaki walihojiwa, kila mmoja akasema lake. Sasa wanakuja wajumbe wawili, Mkatoliki mmoja na Mlutheri mmoja, kumhoji mtu pekee aliye hai aliyewahi kuishi nyumbani mwa padri.

“Wananitakia nini?” Alheit aliuliza.

“Jambo dogo tu, jirani. Kama ulikuwa mke wake au mpishi wake.” Cordt akashusha sauti, jambo ambalo hakulizoea. “Mke, maana yake alikuwa Mlutheri, na kanisa ni letu. Mpishi, maana yake alikuwa Mkatoliki, na kanisa ni lao.”

Alheit alilipiga donge la unga juu ya meza kama mtu anayelipiza kisasi, akamwambia atoke, vumbi la unga lisimwingie puani.

Alikuwa ameingia katika nyumba ile ya padri akiwa msichana, baada ya baba yake, mchimba mboji ya kuwashia moto, kufa kwa homa ya kinamasi. Alijua kusuka, kukamua na kununa. Padri Arnd alikuwa mrefu, msahaulifu, mwenye tabia ya kuanza sentensi jikoni na kuimalizia bustanini. Misa aliisoma kwa Kilatini kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Nyimbo zilikuwa za Kijerumani, zile za Walutheri, kwa sababu watu walizipenda na yeye mwenyewe alikuwa na sauti nzuri. Kikombe cha divai, ambacho kwa Wakatoliki kilikuwa cha padri peke yake, alimpa aliyekitaka. Mtu alipomuuliza utaratibu, alijibu kwamba mwenye kiu apite kulia, asiye na kiu apite kushoto, na mwenye usingizi alale, mradi asikorome wakati wa mahubiri. Lohbeke iliishi hivyo, na haikujua kwamba imekosea chochote mpaka watu wa mbali walipokuja kuiambia.

Mwaka uliofuata ule wa ishirini na nne walikuja wakaguzi wa askofu. Walimkuta Alheit akichuna bata jikoni, wakaandika “suria”, wakamwamuru ahame. Alihamia kwa jirani yake Gretke, ng’ambo ya kijito. Ikawa asubuhi anavuka kwenda kupika, jioni anavuka kurudi, na siku nyingine jioni inapita bila yeye kurudi, na Gretke anamwachia mlango bila komeo. Ludeke alizaliwa chini ya paa la Gretke. Baadaye wakaja Waswidi, jeshi la Walutheri, na mambo yakapinduliwa. Picha za watakatifu ukutani zikapakwa chokaa, Arnd akapewa kanzu nyeusi ya kichungaji, akaambiwa kwamba sasa yule mwanamke anaweza kurudi nyumbani, ila kwanza amuoe hadharani kama watu wenye adabu.

Arnd akakataa. Alisema ameshaoa, na mtu haoi mara mbili mwanamke yuleyule. Akifanya hivyo atakuwa amekiri kwamba mara ya kwanza ilikuwa uongo. Alheit, aliyekuwa tayari ameazima kilemba cha bibi arusi, alimnunia tangu mavuno ya kabeji hadi theluji ya kwanza. Alimwambia kwamba kila mtu duniani anabadilika kwa ajili ya majeshi, wenye vinu, wenye mashamba, maaskofu wenyewe, isipokuwa yeye, na amechagua kuwa mwamba mahali ambapo mkewe ndiye anayejikwaa. Arnd alicheka, akambusu utosini, akaanza sentensi ambayo hakuimaliza.

Njaa ndiyo iliyompeleka Alheit Osnabrück, miaka ile ya mkutano wa amani. Majeshi yalikuwa yamekula mbegu, yakala na ng’ombe wa kuzaa. Mjini kulikuwa na mabalozi, na mabalozi wana nguo za kufuliwa. Alipata kazi kwa balozi wa mtawala mmoja mdogo ambaye nchi yake yote, walivyosema watumishi, farasi mzima angeivuka kabla ya chakula cha mchana. Balozi huyo alitaka aitwe Mheshimiwa kama wale wa wafalme. Wale wa wafalme walikataa. Basi naye barua isiyoandikwa Mheshimiwa hakuipokea, na asiyemwita Mheshimiwa hakumtembelea, na asiyetembelewa hakujibu. Kutwa wapanda farasi walikimbizana njiani kati ya Osnabrück na Münster wakibeba maneno ya watu wasiotaka kukaa chumba kimoja.

Kilichomchosha Alheit ni kola. Kola za balozi zilikuwa za nakshi, pana kama sinia, na kila alipotaka kwenda kumtembelea mwenzake ilibidi zifuliwe, zipigwe wanga, zipangwe mikunjo kwa chuma cha moto. Alheit alizimaliza. Kisha msimamizi wa nyumba, bwana mmoja mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuja kusema ziara imevunjika, kwa sababu mwenyeji anakubali kushuka hadi katikati ya ngazi kumlaki mgeni, lakini si hadi chini.

“Akishuka ngazi zilizobaki atavunjika mguu?” Alheit alimuuliza.

“Yeye havunjiki, mama. Inayovunjika ni nchi yake.” Msimamizi aliketi juu ya kikapu cha nguo chafu, akaeleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara nyingi. Bwana wao mdogo akikubali leo kupokelewa katikati ya ngazi, kesho watasema hana haki ya kusimama peke yake, kwamba ni mtumishi wa fulani, kwamba saini yake haina uzito. Mikataba ya mbele itaandikwa na walioshukiwa hadi chini. “Hapa hawagombei ngazi. Wanagombea nani ni nani.”

Alheit aliyaelewa maelezo yale, na ndiyo yaliyozidi kumkera. Alikuwa ameyajua maisha yake yote: kijijini pia watu waliuana kwa macho kwa sababu ya nani anakaa benchi la mbele. Hakutegemea tu kwamba wafalme nao wana akili za benchi la mbele, na kwamba vita vitaendelea mpaka benchi lipatikane refu la kuwatosha.

Alikuwa anakunja kola za ziara nyingine iliyovunjika Gretke alipokuja, ametembea njia nzima kwa miguu, viatu vimejaa tope. Askari waliopitia Lohbeke walimdai Padri Arnd nafaka iliyofichwa. Hakukuwa na nafaka. Walimwacha nje kwenye baridi amefungwa kwenye mlango wa kanisa, na watu walipopata ujasiri wa kumfungua, mapafu yalikuwa yameshaingia maji. Alikaa siku chache, akafa.

Alheit hakulia pale. Alizichukua kola zote za balozi, akazirudisha ndani ya beseni la maji machafu, akaondoka na Gretke. Amani ilipotangazwa baadaye, kengele zikapigwa mji mzima hadi moja ikapasuka, yeye alikuwa Lohbeke akipanda kabeji, na aliposikia sauti ile kwa mbali aliinua kichwa mara moja tu, akakiinamisha tena.

Ndiyo sababu Cordt alifukuzwa jikoni. Lakini kumfukuza Cordt hakukufukuza shauri lenyewe. Siku iliyofuata alirudi, safari hii akiwa na jambo la kushika. Ludeke alikuwa amekua, fundi wa mapipa, mikono yake inasifiwa hadi mjini. Chama cha mafundi wa mapipa Osnabrück kilikuwa tayari kumpokea kama mafundi wengine, ila kilitaka uthibitisho kwamba amezaliwa ndani ya ndoa. Chama hakichukui mtoto wa nje. Cordt alikuwa na shemeji ndani ya chama hicho. Alheit akisema “mke” mbele ya wajumbe, maneno yake yataandikwa na kupigwa mihuri, na nani atabisha? Neno moja, kanisa na mtoto wote wamepona.

Cordt hajafika hata getini, akaingia Gretke. Gretke hakutishia wala hakuahidi. Alikaa, akakumbusha kwamba watoto wake watatu wamelala chini ya sakafu ya kanisa lile, karibu na altare, na kwamba Walutheri wakilichukua wataing’oa altare kama walivyofanya kwingine. Alisema hamwombi aseme uongo. Alisema tu kwamba watu wote waliita “mpishi” siku zile, hata Alheit mwenyewe.

“Niliita hivyo kwa sababu wakaguzi walikuwa mlangoni,” Alheit alisema. “Ulitaka niite nini?”

“Mimi nilikufungulia mlango wangu, Alheit.”

“Najua ulifungua. Sasa ndiyo unaufunga na mkono wangu ndani?”

Gretke aliondoka akifuta macho, na Alheit akabaki amekasirika kwa kuwa amesema neno ambalo lilikuwa kweli na baya kwa wakati mmoja. Alimkasirikia Cordt kwa ushemeji wake, na Gretke kwa machozi yake, na wajumbe kwa kutofika bado. Zaidi ya wote alimkasirikia Arnd, ambaye angekubali kufunga arusi hadharani siku ile ya Waswidi, yeye leo asingekuwa mlango wa kanisa wenye kupigwa mateke na pande zote mbili.

Ludeke alikuja kutoka mjini mkesha wa mahojiano, kabla ya chakula cha jioni. Alikula mkate na mafuta ya nguruwe, mtu mwenye mabega ya baba yake. Alheit alingoja aombe. Hakuomba. Alipomaliza alifuta kisu chake, akauliza swali ambalo kumbe alikuwa amelibeba tangu utotoni, na ambalo Alheit alidhani mtoto hakulijua.

“Mama, mimi ni mtoto wa nani?”

“Wa baba yako. Hukumwona? Ulikuwa unashindana naye kuimba.”

“Hilo najua. Nauliza kama ni mtoto wake mbele za watu, au mbele ya kuku tu.”

Hapo ndipo Alheit alipomweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu, kwa kuwa Arnd hakutaka lisemwe, na kwa kuwa baadaye lilionekana dogo mno kutolewa mbele ya majeshi. Ilikuwa Sikukuu ya Mishumaa, mapema Februari, asubuhi watu walipokwisha kubarikiwa mishumaa yao na kwenda zao. Yeye alibaki kukwangua nta sakafuni. Arnd alimjia, akamwambia aache, akamshika mkono ule wenye nta, akampeleka mbele ya altare, akasema maneno yote ya ndoa, ya bwana na ya bibi na ya padri, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuyasema. Kisha akauliza kama Alheit anakubali. Alheit alisema anakubali, ila amwachie amalize sakafu kabla nta haijaganda.

Ludeke alicheka mpaka akafunika uso. Kisha akauliza, “Februari ya mwaka gani?”

“Huohuo wanaoutaka,” Alheit alisema. “Ishirini na nne.”

Mahojiano yalifanyika ndani ya kanisa. Mjumbe Mkatoliki alikuwa amekataa nyumba ya Cordt, Mlutheri akakataa nyumba ya padri. Watu wote wa Lohbeke walijaa, kila upande na mabenchi yake. Alheit alifika alipoambiwa, akasimama kungoja, akaendelea kusimama. Kwanza wajumbe walitofautiana meza iwekwe wapi, karibu na altare au katikati, mpaka ikawekwa mahali ambapo haikuwa karibu na chochote na mwanga haukufika. Kisha waliketi kwa pamoja, wakitazamana, makalio yakigusa viti kwa wakati mmoja ili asiwepo aliyekaa kwanza. Kisha Mlutheri akataka iandikwe kwamba siku ya kwanza ya Januari ni kwa hesabu ya kalenda mpya, ambayo watu wake hawaitumii, na kwamba kuikubali hapa si kuikubali kwingine. Mwenzake akasema kalenda ni moja tu, nyingine ni makosa. Hilo likachukua muda mrefu. Alheit aliyakumbuka macho ya yule msimamizi wa nyumba ya balozi, akamhurumia kwa mara ya kwanza.

Hatimaye alipewa kiti, akaapishwa.

Mjumbe Mkatoliki alikuwa mzee mwenye mafua. “Bibi, marehemu Padri Arnd alikuwa mfuasi wa Kanisa Katoliki?”

“Ndiyo, bwana.”

Mlutheri, kijana zaidi, mwenye vidole vya wino, akauliza papo hapo, “Au alikuwa mfuasi wa maungamo ya Kilutheri?”

“Ndiyo, bwana.”

Walimkumbusha kwamba amekula kiapo. Alijibu kwamba ndiyo maana. Misa ilikuwa ya Kilatini, nyimbo za Kijerumani, divai kwa mwenye kuitaka. Kama wao wana jina la mtu wa namna hiyo, waliandike, wao ndio wenye wino. Watu nyuma wakacheka. Mlutheri akagonga meza, akasema basi lisalie lile la mwisho, ambalo halina pande mbili.

“Siku ya kwanza ya Januari, mwaka elfu moja mia sita ishirini na nne. Ulikuwa mke wake?”

Alheit alimwona Ludeke amesimama karibu na nguzo. Alimwona Gretke, ameshika rozari ndani ya aproni ili isionekane. Alijua kwamba neno moja lingemtosheleza mwanawe, na kwamba wa kulikanusha wote wamo kaburini.

“Hapana,” alisema.

Kelele zikapanda. Cordt alisimama na sauti yake yote. Mzee mwenye mafua akamwambia karani wao kwa haraka: andika, mpishi.

“Sijamaliza,” Alheit alisema.

“Imetosha, bibi.”

“Kwako imetosha. Januari nilikuwa mpishi. Februari, Sikukuu ya Mishumaa, alinioa hapo mlipoogopa kuweka meza. Mwanangu alizaliwa baadaye, ndani ya ndoa. Liandikwe na hilo.”

Kijana mwenye wino aliinama mbele, tumaini limemrudia. “Kulikuwa na mashahidi?”

“Watakatifu wa ukutani. Watu wenu wakawapaka chokaa.”

Tumaini lile likafa. Wajumbe wakanong’onezana, na kwa mara ya kwanza tangu waingie wakakubaliana. Mzee akaeleza kwa upole kwamba mkataba unauliza habari za Januari tu. Ya Februari si kazi yao, hayahusu kanisa, hayawezi kuingia katika maandishi yao. Alimshukuru, akamwambia anaweza kuinuka.

“Mimi sikuishi Januari peke yake,” Alheit alisema. “Mmenitoa kwenye mkate wangu mje kuniuliza nililala na nani, mbele ya kijiji kizima. Nimejibu. Mmechukua nusu inayowafaa, na nusu yangu mnanirudishia mkononi. Sitoki hapa mpaka iandikwe.”

Akakaa. Alikunja mikono juu ya aproni, akatazama mbele, kama mtu anayengoja zamu kwenye kinu.

Mzee alimwashiria askari wake amwinue. Kijana akainua mkono. Askari yule alikuwa wa askofu, na kanisa hili bado halijatolewa kwa upande wowote. Akimgusa shahidi humu ndani, itakuwa ni kusema kwamba askofu ndiye mwenye nguvu humu. Basi aitwe askari wa Waswidi, waliokuwa bado hawajaondoka nchini. Hapo akakataa mzee, kwa sababu ileile. Ikafikiriwa Cordt, kama mkuu wa kijiji, lakini Cordt alikuwa wa upande mmoja, na isitoshe alikuwa amekasirika mno hata kuonekana kama mtu wa serikali. Kwa hiyo pakawa na mwanamke kitini, na pande zake mbili mamlaka mbili kubwa, na hakuna hata moja iliyoweza kumsogeza.

Mchana ukaingia. Harufu ya supu ya kabeji na nyama ya moshi, iliyopikiwa wageni nyumba ya jirani, ikapita mlangoni. Mzee mwenye mafua akapiga chafya mara kadhaa. Watu wakaanza kukaa sakafuni. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, mwingine akamnyamazisha. Alheit hakupepesa.

“Itamdhuru nani?” kijana mwenye wino alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo kanisa zima liliisikia. “Januari ni yenu, tayari mmeipata. Mwacheni na Februari yake.”

Mzee akatazama mlango supu ilikotoka. Akasema iandikwe, lakini chini, peke yake, na wino usikolee. Ikaandikwa: kwamba shahidi anadai kuolewa na marehemu kwa maneno halali siku ya Sikukuu ya Mishumaa mwaka uleule, na kwamba wajumbe wamelisikia na kulipokea bila kulihukumu. Wakapiga mihuri yote miwili kwa wakati mmoja. Alheit aliomba asomewe, akasomewa. Ndipo akainuka, magoti yakilia, akaenda kuangalia kama mkate aliouacha motoni asubuhi umeungua.

Kanisa likawa la Wakatoliki. Cordt hakumsalimu tena mpaka anakufa, na wenziwe walitema mate Alheit alipopita, ingawa baada ya mwaka wa kugombana mlangoni walipata ruhusa ya kubaki na nyimbo zao, kwa hiyo Lohbeke ikarudi kuwa na misa ya Kilatini na nyimbo za Kijerumani kama zamani, tofauti ikiwa kwamba sasa ilihitaji maandishi. Gretke alimletea siagi ya shukrani. Alheit aliipokea, akamwambia asimshukuru, hakusema kwa ajili yake. Gretke akajibu anajua, na siagi ni siagi.

Chama cha mafundi wa mapipa kilikaa, kikabishana. Wengine walisema padri kujifungisha ndoa mwenyewe ni kama mtu kujinyoa gizani. Lakini karatasi ya Ludeke ilikuwa na mihuri ya tume ya amani, na hakuna chama kilichotaka kuonekana kinapinga amani iliyotiwa saini na wafalme kwa sababu ya pipa. Wakampokea, na bia ya kumkaribisha akainunua mwenyewe.

Aliyebaki mkononi mwa Alheit ni padri mpya, kijana aliyesomeshwa vizuri na asiye na mchezo. Alimwambia waziwazi kwamba hatampa sakramenti mpaka atubu kuwa aliishi na padri nje ya ndoa.

“Padri mwenyewe alisema ni ndoa.”

“Hakuwa na ruhusa ya kusema.”

“Basi muulize yeye. Mimi niliulizwa kama nakubali, nikasema nakubali. Kosa langu liko wapi?”

Padri kijana hakulegea, na Alheit hakutubu. Jumapili alikaa karibu na mlango, akaimba nyimbo, na zilipokwisha akatoka kabla ya mengine. Aliwaambia waliomhurumia kwamba nafasi ile ina hewa nzuri. Nyumbani alizipiga sufuria zake kiasi kwamba paka alihama.

Ludeke alipooa, alimhamishia mama yake Osnabrück, nyuma ya karakana, mahali pa kunuka mwaloni na moshi. Huko alizeeka akilalamikia maji ya mjini, mkwe wake, na kengele. Askofu wa zamani alipofariki, ikaonekana jinsi mkataba ulivyopanga: baada ya Mkatoliki anakuja Mlutheri, kisha tena Mkatoliki, kwa zamu, milele. Askofu mpya akaja, mwana wa ukoo wa kifalme, Mlutheri, na mkewe na watoto. Hakuweza kubadilisha dini ya kijiji kimoja, hata Lohbeke, lakini aliitwa askofu, na mji ulitoka kumpokea.

Alheit alitoka pia, ameshikwa mkono na mjukuu. Magari ya farasi yalipita polepole kwa sababu ya tope. Ndani ya moja alikaa mke wa askofu, mwanamke kijana mwenye uso wa kuchoka na safari, mtoto amelala mapajani mwake. Watu walivua kofia, wanawake wakapiga goti. Mjukuu aliuliza yule ni nani.

“Mke wa askofu.”

“Maaskofu wana wake, bibi?”

“Huyu anaye,” Alheit alisema. Alimtazama mwanamke yule mpaka gari likapita kona, wala hakuwa na chuki naye. Alimwona tu amekishika vizuri kile kichwa cha mtoto kisigonge. Hakupiga goti, kwa sababu ya magoti, alivyoeleza baadaye. Kisha alimvuta mjukuu pembeni, maana gari lililofuata lilikuwa la watumishi na lilikuwa linarusha tope, na akaanza kulalamika kwamba miaka yote hii ya amani hakuna aliyefikiria kutengeneza barabara.